Betri ipi inafaa kwa mziki mzito wa gari? Taa zangu zinacheza kuliko mimi

#1 Besi_Nzito
Wakuu habari. Niende moja kwa moja.

Nina amplifaya ya chaneli moja, klasi D, wati 1000 RMS (nguvu ya mfululizo), inasukuma sabufa mbili za inchi 12. Betri ni ile ya maji ya kawaida, 60Ah (ampea-saa, kiasi cha umeme inachohifadhi), ina mwaka na nusu. Altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) imeandikwa 80A. Shida ni mbili. Usiku besi ikipiga, taa za mbele zinafifia kwa mdundo, mpaka mtu mmoja alisimama akidhani nampa ishara apite. Ya pili, juzi nimesikiliza mziki injini imezimwa kama saa mbili, kurudi kwenye ufunguo stata inasema tik tik tik. Tukasukuma.

Fundi wa kwanza kasema nunua betri kubwa. Wa pili kasema ongeza betri nyingine kwenye buti. Wa tatu kasema kapasita, kile kimkebe cha kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa ghafla. Wote watatu walikuwa na uhakika wa kuapa. Nichukue betri gani?

#2 mtotowamwisho
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

#3 Fundi Mkimya
Mkuu, kabla ya betri tuongelee altaneta. Injini ikiwa inaunguruma, anayelisha mziki ni altaneta, sio betri. Altaneta inatoa volti 13.8 mpaka 14.4 hivi. Betri iliyojaa na kupumzika ina 12.6 au 12.7. Kwa hiyo betri haitoi kitu mpaka volti za gari zishuke zimfikie yeye. Kabla ya hapo betri nayo ni mlaji tu, inakula chaji kama wengine.

Piga hesabu. Klasi D nzuri inapoteza kama asilimia 20 kwa joto. Ili utoe wati 1000 unahitaji 1250 kuingia. Gawa kwa volti 12.5, unapata ampea 100. Altaneta yako ni ya 80, na hizo 80 ni kwa mzunguko mkubwa wa injini. Gari ikiwa imesimama inaunguruma tu, haifiki huko. Toa taa, plagi, pampu ya mafuta na feni. Kinachobaki kwa ajili ya besi ni huruma.

Unanunua tangi kubwa wakati bomba linalolijaza ni jembamba.

#4 Nyundo7
#3 umeongea kweli nusu. Hakuna mziki unaokula ampea 100 mfululizo. Besi inapiga, inaachia, inapiga. Wastani ni theluthi moja au chini ya hapo. Ule mpigo wa ghafla ndio kazi ya betri, na ndiyo maana upinzani wa ndani wa betri ni muhimu kuliko Ah. Chukua betri kavu, usahau. Mimi ninayo mwaka wa nne huu.

#5 Shangazi Volti
Hapo kwenye "betri kavu" ndipo watu wanapigwa kila siku. Betri iliyozibwa isiyoongezwa maji siyo lazima iwe kavu. Nyingi ni betri ya maji ile ile, imefungwa mfuniko tu. Itikise utaisikia. AGM ndiyo tunayotaka kuizungumzia: tindikali imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo katikati ya bamba za risasi, haimwagiki, na upinzani wake wa ndani ni mdogo. Halafu kuna jeli, nayo watu wanaiita kavu. Jeli haipendi kutoa mkondo mkubwa ghafla, na haipendi kuchajiwa kwa volti za juu. Ukiiweka kwenye mziki umeoa mke asiyekupenda.

Nyundo, yako imeandikwa nini ubavuni?

#6 Nyundo7
Nitaangalia kesho mkuu.

#7 Shangazi Volti
Shangazi, sio mkuu.

#8 Kimya_Kingi
Mi nasema kapasita ya faradi 1. Nilifunga, taa zikaacha kufifia siku hiyo hiyo. Hayo mengine ni nadharia.

#9 Fundi Mkimya
Nadharia ni hii. Nishati ya kapasita ni nusu ya faradi mara volti kwa kipeo cha pili. Faradi 1 ikishuka kutoka 14.4 mpaka 12 inatoa jouli kama 32. Mzigo wa wati 1000 unazimaliza kwa sekunde 0.03. Baada ya hapo ni mkebe wenye taa ya bluu, na altaneta ile ile inatakiwa kuujaza upya.

#10 Kimya_Kingi
Sekunde 0.03 ndiyo mpigo wenyewe wa dramu unaanza na kukolea. Taa zangu hazififii. Za kwako je?

#11 Fundi Mkimya
Mimi sina sabufa, nina amani.

#12 Mzee wa Fyuzi
Vijana salamu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mleta uzi waya wake una unene gani. Mnampa betri kabla ya kumpima. Besi_Nzito, chukua multimita. Tafuta sauti moja isiyokatika ya hezi 40, iweke kwa sauti yako ya kawaida ya juu, sekunde chache tu usiunguze koili ya spika. Pima kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye skrubu za amplifaya zenyewe. Injini inaunguruma tu, kisha mwenzio akanyage mafuta kidogo. Usitumie mziki wa kawaida, multimita ni nzito, inakupa wastani wakati volti zinaruka.

Na usitegemee "12.6 asubuhi, betri ni nzima". Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 ikiwa imelala, ukiipa mzigo inadondoka kama gunia.

#13 dogo_wa_buti
Kuna kitu sielewi. 60Ah si maana yake inatoa ampea 60 kwa saa nzima? Mleta uzi alisikiliza saa mbili tu, na redio haili ampea 30.

#14 Shangazi Volti
Hapana mwanangu. Ah ya betri hizi inapimwa kwa mwendo wa masaa 20. 60Ah maana yake ampea 3 kwa masaa 20. Ukiikamua haraka haikupi zote. Peukert, Mjerumani, alilieleza hilo kwa hesabu mwaka 1897 na risasi haijabadilika tabia tangu hapo. Ukiichota kwa ampea 25, unapata pungufu ya hizo 60. Na betri ya kuwashia gari hutakiwi kuishusha chini ya nusu. Bamba zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa zitoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha zijazwe. Ile ya kuchota taratibu, wanayotumia kwenye sola na boti, bamba ni nene.

Kwa hiyo Besi_Nzito, kwa shida yako ya pili, saa mbili kwa betri ya 60 ya kuwashia, ulikuwa unaomba kusukumwa.

#15 Nyundo7
Nimeangalia. Imeandikwa "haihitaji matengenezo". Nimeitikisa. Inacheza maji.

#16 mtotowamwisho
😂😂😂 Mwaka wa nne wa betri kavu yenye maji.

#17 Nyundo7
Lakini inapiga! Hoja yangu ya upinzani wa ndani iko pale pale.

#18 Ampea_Moja
Sasa mnazunguka nini miaka hii? Lithiamu. LiFePO4, seli nne za volti 3.2. Ikipumzika inakaa 13.3 hivi na inashikilia hapo karibu mpaka mwisho, haishuki taratibu kama risasi. Amplifaya inaona volti za juu muda wote, hata injini imezimwa. Uzito nusu au chini ya nusu. Nilibadilisha na gari ikawa kama imetoka kuoga.

#19 Fundi Mkimya
Na altaneta ikawaje? Lithiamu ikiwa na njaa inanyonya mkondo wote inaoupata, haina breki kama risasi. Altaneta ndogo inaweza kuchemka mpaka inanuka. Tena usiifunge pamoja na betri ya risasi waya kwa waya. Moja inapumzika 13.3, nyingine 12.7, injini ikizimwa ya kwanza inamchaji mwenzake usiku kucha. Kati yao inatakiwa chaja ya DC kwa DC, inayodhibiti chaji inayotoka upande mmoja kwenda mwingine.

#20 Shangazi Volti
Ongeza na hili: ina bodi ya ulinzi ndani yake. Ikiona hatari inajikata. Ikijikata yenyewe ikiwa ndiyo betri pekee na altaneta inachaji, volti zinaruka juu ghafla, na hapo diodi za altaneta na kompyuta ya gari ndizo zinazolipa. Pia haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi joto 0, na chini ya boneti karibu na injini joto lake ni adui. Siipingi. Nasema isije ikaonekana ni kubadili tu kama soksi.

#21 Ampea_Moja
Yangu iko kwenye buti, ina chaja yake, altaneta ni ya 180A. Sikusema mtu aitupie tu.

#22 Mzee wa Fyuzi
Ulisema "lithiamu", ukaweka nukta.

#23 Besi_Nzito
Wakuu (na shangazi), nimepima. Hezi 40, sauti yangu ya kila siku.

Mziki umezimwa, injini inaunguruma: betri 14.1.
Mziki umewashwa, injini inaunguruma tu: betri 12.9, amplifaya 11.4.
Mziki umewashwa, mshale wa injini kwenye 2000: betri 13.7, amplifaya 12.3.

Sasa nani ameshinda?

#24 Fundi Mkimya
Si nilisema! Kutoka 14.1 mpaka 12.9 kwenye betri yenyewe, na ukikanyaga mafuta inapanda 13.7. Altaneta haiwezi mzigo ikiwa imetulia. Kesi imefungwa.

#25 Mzee wa Fyuzi
Si nilisema! Volti 1.5 zimepotea njiani kati ya betri na amplifaya, ukikanyaga bado 1.4. Hata ukimpa altaneta ya treni, hizo zitapotea. Kesi haijafunguliwa vizuri hata kufungwa.

Besi, kipimo kimoja zaidi. Waya mmoja wa multimita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye skrubu ya hasi ya amplifaya, mziki ukipiga. Ukisoma zaidi ya 0.1 au 0.2, njia yako ya hasi kupitia bodi (chuma cha gari) ina deni.

#26 Nyundo7
Na mimi nasema betri mpya yenye upinzani mdogo isingeshuka mpaka 12.9.

#27 Fundi Mkimya
Ingeshuka polepole zaidi, ikafika hapo hapo.

#28 Binti_Rewaya
Naongeza kesi yangu, watu wasirudie. Niliambiwa niongeze betri ya pili, nikaweka ya maji kwenye buti, gari ni ya familia, buti na viti ni chumba kimoja. Wiki ya pili harufu ya yai viza, macho yanawasha. Kuja kuangalia, zulia la buti limeliwa mashimo na sweta lililokuwa juu yake limebaki nyuzi. Kumbe ya mbele ilikuwa ya zamani, ya nyuma mpya, nimeziunganisha waya kwa waya. Ya zamani ilikuwa na seli imekufa, ikawa inamnyonya mwenzake usiku, asubuhi altaneta inamwaga chaji kwa nguvu. Nikapoteza zote mbili.

#29 Ampea_Moja
Pole dada. Hidrojeni hiyo, ingeweza kulipuka.

#30 Shangazi Volti
Hidrojeni haina harufu. Yai viza ni gesi ya salfa, inatoka betri ikichajiwa kupita kiasi. Lakini hidrojeni huwa ipo pamoja nayo, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Ndani ya chumba cha abiria isiingie betri ya maji. AGM, tena yenye bomba lake la kupumulia kwenda nje, na imefungwa kwa mkanda wa chuma. Betri ya kilo 20 kwenye ajali haikujui.

Na kama unaunganisha mbili pamoja: aina moja, umri mmoja, ukubwa mmoja. La sivyo weka relei ya kuzitenganisha injini ikizimwa. Relei hiyo pia ndiyo ingemwokoa mleta uzi asisukume: mziki unakula ya nyuma, ya mbele inabaki ya stata.

#31 dogo_wa_buti
Waya wangu wa amplifaya umeandikwa CCA. Nimesoma CCA kubwa ni nzuri kwa betri. Kwa hiyo niko salama?

#32 mtotowamwisho
Naondoka siti ya mbele, nakaa chini kabisa.

#33 Mzee wa Fyuzi
Usicheke, wengi wanauziwa hivyo. Herufi ni zile zile, maana mbili. Kwenye betri, CCA ni ampea inazoweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Ni kipimo cha kuwasha gari. Kwa mziki kinakudokeza tu kwamba upinzani wa ndani ni mdogo. Kwenye waya, CCA ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu, unahitaji unene wa zaidi karibu mara moja na nusu kwa kazi ile ile. Kata ncha, kwangua kwa wembe. Ukiona nyeupe ndani, ndiyo hiyo.

#34 Gari_Jipya_Shida_Mpya
Mimi nacheka wote mnaosema "altaneta inatoa 14.4". Yangu ninaendesha na inasoma 12.5, ukiachia mafuta kwenye mteremko inaruka 14.9. Nilipeleka altaneta tatu kwa fundi kabla ya kuambiwa ni nzima, kompyuta ndiyo inaipangia ili kubana mafuta. Kwenye gari kama hii betri ya pili kwa relei ya kawaida haijai kamwe, ni chaja ya DC kwa DC. Na ukiona kidude kimekaa kwenye kichwa hasi cha betri, hicho kinahesabu umeme unaoingia na kutoka. Hasi ya amplifaya usiifunge kwenye kichwa chenyewe, funga kwenye bodi, la sivyo mziki wako hauhesabiwi na kompyuta inadanganyika.

#35 Fundi Mkimya
#34 sahihi. Kwa gari za namna hiyo narudisha nusu ya maneno yangu.

#36 Kimya_Kingi
Nusu ipi? Ile ya kapasita?

#37 Besi_Nzito
Nimerudi, mikono michafu. Kipimo cha Mzee cha upande wa hasi: 0.8.

Nikatoa zulia la buti kufuata waya mweusi. Umefungwa kwenye boliti ya mkanda wa kiti cha nyuma, na chini ya washa (kipete cha boliti) kuna rangi ya gari, nzima, inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Washa yenyewe imebadilika rangi ikawa kama ya chai ya rangi. Nilikuwa nimetoka kupiga hezi 40, nikaigusa kwa kidole, nikakitoa mbio. Umeme wote wa hasi ulikuwa unapita kwenye meno ya boliti tu.

Nikatafuta sehemu nyingine ya chuma kinene, nikakwangua kwa msasa mpaka nyeupe, nikafunga na washa ya meno, nikapaka grisi juu. 0.8 imekuwa 0.1. Amplifaya ikiwa imetulia sasa 12.1 badala ya 11.4. Besi imepata kifua, sitanii.

Taa bado zinafifia, ila kidogo.

#38 Mzee wa Fyuzi
Vizuri, ila boliti ya mkanda irudishe kama ilivyokuwa na uikaze kwa nguvu zake. Ile ni ya kushika mwili wako. Asiwepo mtu wa kufunga waya pale tena.

Bado volti 0.8 njiani. 0.1 ni hasi, 0.7 iko upande wa chanya. Waya wako una unene gani na urefu gani?

#39 Besi_Nzito
Milimita 16 za mraba, mita kama 4.5. Nimekwangua ncha. Nyeupe.

#40 Mzee wa Fyuzi
Nilijua. Shaba ya 16 ni kama milioomu 1.1 kwa mita, kwa ampea 100 ungepoteza 0.5. Alumini iliyopakwa inakupa hiyo 0.7 yako. Weka shaba ya 25, itabaki kama 0.3. Fyuzi isikae mbali na betri, nusu mita ni nyingi. Fyuzi inalinda waya, sio amplifaya. Waya ukichubuka kati ya betri na fyuzi, gari inaungua huku fyuzi inatazama. Na ukimaliza, nenesha zile tatu za mbele: altaneta kwenda betri, betri kwenda bodi, injini kwenda bodi.

#41 Nyundo7
Kwa hiyo betri haihusiki kabisa? Mada inasema betri.

#42 Fundi Mkimya
Betri inahusika injini ikizimwa. Ikiwaka, altaneta.

#43 Shangazi Volti
Siafiki. Altaneta haijibu papo hapo, ina uzito wake. Katikati ya mpigo betri ndiyo inabeba, na AGM inabeba vizuri zaidi. Ndiyo, ikiwa altaneta haitoshi kabisa betri yoyote itachoka tu. Ila kusema haihusiki ni kuzidisha.

#44 Ampea_Moja
Na lithiamu inabeba vizuri kuliko zote.

#45 Kimya_Kingi
Na kapasita inaanza kabla yao wote.

#46 mtotowamwisho
Tumerudi kwenye wale mafundi watatu wa #1.

#47 Besi_Nzito
Asanteni sana. Kwanza waya, wiki hii. Kisha nitapima tena. Betri nikinunua ni AGM ya ukubwa unaoingia kwenye kitako cha mbele, kwa sababu hii ya sasa nimeishusha mpaka chini mara tatu na sidhani imenisamehe. Altaneta bado nasikilizia.

#48 Binti_Rewaya
Ukinunua AGM angalia na chaja yako ya nyumbani. Za zamani zenye kitufe cha "kufufua" zinapandisha volti mpaka 16, zinaikausha. Na AGM ikikauka huwezi kuiongezea maji.

#49 roli_la_usiku
Samahani kuingilia uzi. Mimi gari yangu ni kubwa, volti 24, betri mbili mfululizo. Amplifaya ni ya volti 12, kwa hiyo nimechota kwenye betri moja. Mbona hiyo moja kila mwezi inakufa na mwenzake anachemka maji?

#50 Mzee wa Fyuzi
Umejijibu. Altaneta inazichaji zote mbili kama ni moja, wewe unamla mmoja. Mwenye njaa hajai, aliyeshiba anaendelea kulishwa. Weka kigeuzi cha 24 kwenda 12.

#51 roli_la_usiku
Fundi alisema nikiwa nazibadilishana nafasi kila wiki haina shida.

#52 Fundi Mkimya
Fungua uzi wako, tunakuja.